"Yaani nimelipa ili mbadilishe majina ya nyimbo tu?"

Swali hili nimeulizwa tena wiki hii, na dijei ambaye diski yake ya nje ilikaa kwetu siku nne tukimpangia nyimbo zake. Hakugomba, ila usoni alionekana kabisa kuwa anahisi ameibiwa. Si wa kwanza. Na kwa kuwa bei yetu siipunguzi, nina deni la kueleza inatoka wapi.

Alikuja akilalamika kwamba diski ni nzito. Akiandika jina la wimbo kwenye kisanduku cha kutafutia, ule mstari wa kijani unajivuta mpaka watu ukumbini wanaanza kumtazama. Alitaka tumuuzie diski kubwa zaidi, nikakataa, kwa sababu tatizo lake angelihamia nalo.

Windows kwa kawaida huweka faharasa, yaani orodha ya kutafutia iliyoandaliwa mapema, ya folda zako zilizo ndani ya kompyuta. Diski ya nje haimo, mpaka uiongeze mwenyewe. Kwa hiyo kila ukitafuta, inaingia folda moja baada ya nyingine kana kwamba haijawahi kufika humo. Diski nyingi za nje za sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinarukaruka kutoka kona hii hadi ile. Wengine hukimbilia kununua waya na kuhamia tundu la USB 3.0. Kwa kunakili nyimbo, naam, tofauti utaiona, maana USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde na 3.0 ina gigabiti 5. Ila katika kutafuta, muda mwingi unaliwa na kile kichwa kinachoruka, na waya haukiharakishi.

Dawa ya hapo ni bure, na tunawaambia hata wasiotulipa. Weka Everything, programu ya kutafuta faili kwenye Windows, uitie diski yako kwenye orodha yake. Ikiwa diski imepangwa kwa NTFS (mfumo wa Windows wa kuhifadhi faili), itasoma jedwali kuu la faili moja kwa moja na kumaliza upesi sana. Ikiwa ni exFAT, mfumo mwingine unaosomeka na Windows na Mac, iongeze kama folda na uiache programu ipitie faili zote mara ya kwanza. Baada ya hapo majibu yanakuja ukiwa bado unaandika. Kwenye Mac, Spotlight, kitafutio chake cha ndani, huifanyia diski ya nje faharasa yenyewe. Ipe tu muda imalize.

Basi, mbona tunatoza? Kwa sababu faharasa inatafuta herufi, haisikilizi muziki. Diski ya huyu dijei ilikuwa na mamia ya faili zinazoitwa Track 03, na nyingine zilizopitia WhatsApp zikaitwa AUD, tarehe, WA na namba. Ukitafuta jina la mwimbaji hapo utapata nini? Tagi, yaani maelezo ya wimbo yanayoandikwa ndani ya faili, nazo zilikuwa hoi. Toleo la kwanza la ID3, mtindo wa tagi za MP3, la mwaka 1996, lilitenga herufi 30 tu za jina la wimbo, kwa hiyo majina marefu yamekatwa katikati. Faili za WAV mara nyingi hazina tagi yoyote.

Tunaanza na Picard, programu inayotambua wimbo kwa alama ya sauti yake. Inasaidia sana kwa nyimbo zilizokwisha kusajiliwa. Rekodi ya kwaya au ya bendi isiyojulikana haitaitambua, na mara nyingine inachanganya rekodi ya jukwaani na ya studio. Hapo anakaa mtu, anavaa spika za masikioni, anasikiliza. Siku mbili kati ya zile nne zilikwenda huko.

Siku nyingine ilikwenda kwenye kuziunganisha tena nyimbo na programu yake ya udijei. Programu za madijei kama rekordbox na Serato hukumbuka wimbo kwa njia ya mahali ulipo. Ukibadilisha jina nje ya programu, wimbo unahesabiwa umepotea, na katika rekordbox alama ulizoweka za mahali pa kuanzishia wimbo zinabaki zikining'inia. Hata herufi ya diski ikihama kutoka E kwenda F, orodha zinaweza kukatika. Ndiyo maana tunaipa herufi ya kudumu, na hatugusi jina hata moja kabla ya kuwa na nakala kamili pembeni.

Njia ya mkato inayoniumiza zaidi ni ya kumwaga kila kitu kwenye folda moja "ili iwe rahisi kutafuta". Mwalimu mmoja wa kwaya alifanya hivyo na albamu zake kumi na mbili. Kila albamu ilianza na Track 01. Kompyuta ikamwuliza kama ibadilishe faili iliyopo, akabonyeza ndiyo kwa zote. Alibakiwa na nyimbo za albamu moja na chache zilizozidi mwishoni mwa zile ndefu. Tulimrudishia baadhi, bila majina, na malipo ya uokoaji yalizidi mbali yale ya kupanga. Nilisikitika kumwandikia risiti ile.

Mwingine alidhani nusu ya nyimbo zake zimeharibika. Zilikuwa zile faili ndogo zinazoanza na nukta na mstari wa chini, ambazo Mac huziacha kwenye diski za exFAT. Muziki wake ulikuwa mzima. Hiyo ilikuwa kazi ya dakika chache, na hatukumtoza.

Dijei wangu nilimkalisha mbele ya laptopu yake, nikamwambia atafute wimbo ambao huwa unamsumbua. Aliandika herufi nne, yakatokea matoleo matatu, kila moja likiwa na jina lake na urefu wake. Kisha akasema ana diski ya pili nyumbani, ataanza kuipunguza mwenyewe kwa programu ya kufuta faili zinazojirudia. Nimemwomba asiiguse. Ailete kama ilivyo, pamoja na laptopu yenye orodha zake, kwa sababu hayo matoleo matatu programu kama hiyo ingeweza kuyaona ni wimbo mmoja.