Barua ya wazi kwa shangazi anayetaka kutua na helikopta juu ya Tarawera

Shangazi, shikamoo.

Nasikia safari yako ya New Zealand imeiva, na Mlima Tarawera, ile volkano, hautoki mdomoni. Nenda. Uko kilomita 24 hivi kutoka mji wa Rotorua, na kilele chake cha mita 1,111 kiko chini kuliko jiji la Nairobi, kwa hiyo pumzi haitakusumbua. Kinachovuruga safari hizi ni upepo na wingu. Chukua nafasi ya asubuhi, tena mwanzoni mwa siku zako huko, ili wakiahirisha ubaki na siku ya akiba. Kabla ya kulipa uliza: hali ya hewa ikichafuka wanarudisha hela, au wanakupangia siku nyingine tu?

Watakupima uzito, wewe na mkoba. Kwenye fomu usijipunguzie kilo, hata kwa aibu. Kwa kilo hizo rubani anapiga hesabu ya mafuta na kupanga nani akae wapi, chombo kisielemee. Ukiwekwa nyuma usigombee kiti cha mbele.

Mtandio uvue mapema, uuweke kwenye mkoba wenye zipu. Vaa viatu vya kufunika, na nguo ya rangi nzito, maana nyeupe hujirudisha kwenye kioo na kuharibu picha. Mlango ukifungwa, angalia ncha ya mkanda isibaki nje. Itagonga ubavu wa helikopta njia nzima na utadhani kuna kilichovunjika.

Sasa kutua, na hapa ndipo watu hujisahau. Usiguse mlango. Injini ikizimwa pangaboi hukawia kusimama, na kadiri linavyopoteza kasi ndivyo ncha zake zinavyolegea na kushuka. Upepo wa ghafla huziinamisha zaidi. Ngoja rubani akufungulie. Ukishuka, pita mbele anapokuona, kamwe usielekee mkiani: pangaboi dogo la kule huzunguka kwa kasi hata jicho halilioni. Kama mmetua kwenye mteremko, ondokea upande wa chini, kwa sababu upande wa juu ardhi inapanda kulifuata panga. Kofia ikipeperuka, iache.

Utakanyaga skoria, mawe mepesi yenye vitundu, mekundu na meusi, yanayoporomoka mguuni kama kokoto za ujenzi. Ukingoni usisogee, hayashikani. Ufa utakaouona ni sehemu ya ule wa kilomita 17 uliopasuka volkano ilipolipuka usiku wa 10 Juni 1886 na kuua watu wapatao 120. Ni mlima mtakatifu kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, basi usirudi na jiwe mfukoni.

Ukikutana na video za helikopta zikitua Whakaari, kisiwa cha volkano hukohuko New Zealand, ni za zamani. Tarehe 9 Desemba 2019 kisiwa hicho kililipuka kukiwa na watu 47, wakafa 22. Tahadhari ya volkano ilikuwa kiwango cha 2, kati ya 0 na 5, na ziara zilikuwa zikiendelea. Viwango hivyo hutangazwa na GeoNet, wanaofuatilia volkano za New Zealand, kwenye tovuti yao. Cha Tarawera, ulioko chini ya kundi la volkano la Okataina, kitazame asubuhi hiyohiyo kabla hujatoka hotelini. Kikiwa si sifuri, mimi ningeuangalia mlima kutoka Ziwa Tarawera.