Redio ya gari inatafuta setilaiti bila kupata? Tazama antena kwanza

Magari mengi yanayoletwa kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kwa tatizo hili, redio yake ni nzima. Skrini inawaka, ramani inafunguka, ila alama ya gari imeganda Segera wakati dereva yuko Chumbageni. Mwenye gari ameshaambiwa anunue redio nyingine. Asubiri kwanza.

Redio za Android zinazofungwa siku hizi huja na antena ya GPS, kijiboksi cheusi chenye sumaku na waya mrefu. Fundi mwenye haraka huunganisha spika na kamera ya nyuma, kisha kile kijiboksi anakisukumia nyuma ya redio, katikati ya vyuma na nyaya. Kikiwa huko kitaona nini? Setilaiti za GPS ziko juu yetu umbali wa kilometa 20,200 hivi, na mawimbi yake yakitufikia huwa dhaifu mno. Kipande cha bati tu huyazuia. Na redio inahitaji kuzipata angalau 4 kwa pamoja ndipo ijue uko wapi na katika mwinuko gani. Sisi huitoa hiyo antena tukaiweka juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, sumaku ikiwa chini. Kuihamisha si kazi kubwa. Kazi ni kufungua dashibodi bila kuvunja vibanio, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kama antena ipo mahali pake, tunaangalia kiungio cha waya. Antena hizi hupokea umeme kupitia waya huohuo, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga, kutu ikiingia pale antena inakosa nguvu. Tinti yenye madini nayo huzuia mawimbi. Tinti ya kawaida ya rangi tupu haina neno. Chaja za bei poa za kuchomeka kwenye tundu la sigara pia husumbua. Ichomoe, uone kama setilaiti zitaongezeka.

Wengi husingizia mawingu ya masika. Mawingu hayana kosa. Milima ndiyo huficha anga: ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, alama ikiyumba kwenye kona za bondeni, huo si ubovu. Usituletee gari kwa hilo.

Kabla hujaja, egesha mahali peupe, Raskazone kwa mfano, mbali na miembe na mapaa ya bati, uiache redio ikiwaka kwa robo saa. Betri ikiwa ilifunguliwa au gari lililala muda mrefu, redio huenda imesahau ratiba ya setilaiti, na kuipokea yote upya huchukua dakika 12 na nusu. Wengine huzima kabla haijamaliza.

Kuna wenye magari yaliyotoka Japani na nevigesheni yake ya kiwandani. Hapo antena mara nyingi ni nzima, ila ramani iliyomo ni ya Japani, hivyo barabara ya Pangani haimo. Kubadilisha antena hakutasaidia, na hatutakuuzia. Utatumia simu, au tukufungie redio nyingine tukikutajia bei kabla ya kugusa skrubu.