Springi za mbele zisifungwe bila kibano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari na mafundi wenzangu wa Dodoma kuhusu hatari iliyozoeleka katika gereji zetu, nayo ni kufungua na kufunga springi za mbele kwa waya, kamba au nguvu za vijana wawili, badala ya kibano cha springi, yaani kifaa cha skrubu kinachoikandamiza springi.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 magari yameongezeka sana, na mengi ni madogo, yanayotoka kwenye lami ya mjini na kuingia njia za makorongo za Bahi, Chamwino na Mpwapwa. Springi zikilegea au zikikatika, mwenye gari hutaka kazi iishe siku hiyo hiyo, na fundi asiye na kifaa hatafuti kifaa, hutafuta waya.

Gari la tani 1 likisimama, kila springi ya mbele hubeba kilo 250 au zaidi, kwa sababu injini iko upande huo. Hata likiinuliwa na tairi kuning'inia, springi bado imebanwa kwenye shokapu kwa nguvu ya kutosha kuvunja taya la mtu. Fundi akifungua nati ya juu kabla ya kuibana springi, springi hufyatuka pamoja na kikalio chake, yaani sahani ya chuma inayoishikilia, na anayeumia mara nyingi ni kijana msaidizi aliyeambiwa aishikilie. Vibano viwili vikae pande zinazotazamana, vikazwe kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, kwa spana ya mkono na si kwa mashine ya upepo, mpaka springi icheze kwenye kikalio. Hapo ndipo nati iguswe. Gari nalo likae juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki peke yake, na mawe yasikaribie kabisa.

Wakati wa kurudishia, ncha ya springi lazima ifike kwenye ukingo wake katika kikalio. Ikikaa pembeni hata kwa upana wa kidole, gari litagonga kila usukani unapokatwa, na mwenye gari ataambiwa anunue boljointi (kiungo cha tairi la mbele) wakati aliyo nayo ni nzima.

Kosa jingine, ambalo nimeliona hata kwenye gereji zenye sifa nzuri, ni kukaza kabisa bolti za wishiboni, yaani mkono wa chuma unaounganisha tairi na gari, tairi zikiwa bado zinaning'inia. Mpira wa bushi, ule unaozunguka bolti hizo, hushikwa katika mkao huo, na gari likishushwa hupindika, hubaki umepindika safari zote, kisha huchanika kabla ya wakati wake. Bolti hizo zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa tairi zake, kisha lipelekwe kupimwa alaimenti, maana kimo cha gari kikibadilika, mkao wa tairi hubadilika pia.

Wenye magari nao wasinunue springi moja kwa kubana matumizi, kwa sababu mpya na iliyochoka hazisimami kimo kimoja. Mipira inayopachikwa katikati ya mizunguko ili gari linyanyuke huhamishia mzigo wote kwenye mizunguko iliyobaki, na hapo ndipo springi hukatikia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini katika gereji bubu ni vigumu hata kujua mwajiri ni nani. Kwa hiyo naiomba VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, inapowapima mafundi waliojifunzia kazi mtaani, iitilie mkazo kazi hii kwa vitendo. Gereji zinazopakana, ambazo hakuna mwenye uwezo peke yake, zichange zinunue vibano vya kutumia kwa pamoja. Na mwenye gari, kabla ya kukabidhi ufunguo, aombe kuonyeshwa kibano. Asipoonyeshwa, aende gereji nyingine.

Fundi wa magari,
Kizota, Dodoma.