Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wasikilizaji wa Queen, Unguja

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, na masalkheri kwa wote mliofika.

Kamati iliniomba taarifa fupi. Nitajitahidi, ila mwaka wenyewe haukuwa mchache wa maneno.

Mtakumbuka mkutano uliopita ulikubali tuzisikilize albamu za Queen, bendi ya rock ya Uingereza, kwa mfuatano, moja kila kikao, toka ile ya kwanza ya 1973, bila ya kuruka. Tumefika The Works ya 1984. Tungekuwa mbali zaidi lau si Hot Space.

Hot Space ilitoka 1982, na wapo wenzetu waliotaka tuipite kimyakimya. Kisa chake kinajulikana. Miaka miwili kabla, mpiga besi John Deacon, mtu asiye na makuu, alitunga Another One Bites the Dust ikapanda mpaka namba moja Marekani, na bendi ikavutiwa na mdundo wa disko. Hot Space ikajaa besi na ngoma za mashine, gitaa la mwenzake Brian May likabaki linasubiri zamu yake. Wazee wetu wa rock wakanuna. Vijana hawakufahamu kinachonuniwa ni nini. Hapo mama mmoja aliyekulia kwenye taarab akatukumbusha kuwa maneno hayohayo aliyasikia pale vinanda vya umeme vilipoingia, ganuni na udi zikaanza kupungua jukwaani. Na walioapa kuwa rusha roho si taarab ndio aliowakuta harusini wakiicheza. Kikao kilicheka, lakini hoja ilishaingia.

Rai yangu mimi: upande wa kwanza wa albamu ile ni dhaifu, na si kwa sababu ya disko. Ni dhaifu kwa sababu nyimbo zenyewe hazikukaa vizuri. Under Pressure, waliyoifanya pamoja na David Bowie na ambayo ndiyo inayofunga albamu, nayo imejengwa juu ya besi, na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Nimeanza na hili kwa makusudi. Katika mji huu tunasema Queen na kichwani tuna mwimbaji wao, Freddie Mercury, peke yake. Ni haki yetu kujivunia, mtoto ni wetu. Lakini bendi ilikuwa ya watu wanne, na wote wanne walitunga nyimbo zilizotia fora duniani. We Will Rock You ni ya May. Radio Ga Ga ni ya mpiga dramu, Roger Taylor. I Want to Break Free ni ya Deacon. Mwaka huu nimewasikia wanachama wa miaka mingi wakishangaa kulijua hilo, na mimi nimeshangaa kuwa wameshangaa. Aliyefurahi kuliko wote ni mwenzetu fundi seremala, aliposikia kuwa gitaa la May alilitengeneza mwenyewe na baba yake nyumbani, shingo yake ikachongwa kwa mbao ya meko ya zamani, na kwamba hulipiga kwa sarafu badala ya kipande cha plastiki. Tokea siku hiyo hasikilizi sauti tena, anasikiliza mbao.

Bohemian Rhapsody ilichukua jioni nzima, kama ilivyostahili. Ilitoka 1975, inakaribia dakika 6, haina kiitikio, na wapo waliosema redio hazitoipiga kwa urefu wake. Ilikaa wiki 9 namba moja Uingereza. (Msikilizaji wa taarab akiambiwa wimbo wa dakika 6 ni mrefu, anauliza kama hizo ni dakika za utangulizi.) Tuliusikiliza kipande kwa kipande: sauti tupu za mwanzo, kisha piano na hadithi ya kijana aliyeua, solo ya gitaa, ile opera, rock yenyewe, halafu kushuka taratibu. Kwaya yote ile ya opera ni sauti za watu watatu, Mercury, May na Taylor, zilizorekodiwa juu ya zilizotangulia tena na tena mpaka utepe ukakaribia kuchakaa. Waliokuwa wakidhani kuna kwaya ya kanisa nyuma yao sasa wanajua.

Nije kwenye lililozusha mgogoro, yaani karatasi tunayowapa wageni. Rasimu ya kwanza ilisema muziki wa Queen "umetokana na taarab ya Zanzibar". Niliipinga na bado naipinga. Farrokh Bulsara, ambaye ndiye Freddie Mercury, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, kwa wazazi Waparsi wenye asili ya Gujarat, baba akiwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi yake ya kwanza ya wanafunzi. Alirudi Unguja 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, karibu na London. Huenda sauti za barazani na za redio zilimpata, nani atakataa? Lakini huenda si ushahidi, na yeye mwenyewe hadharani hakuzoea kuizungumzia Zanzibar. Karatasi mpya inataja alikozaliwa, inataja makumbusho yaliyofunguliwa Shangani 2019, na inanyamaza kuhusu nyumba aliyoishi, maana katika Mji Mkongwe zinazodaiwa kuwa ndiyo ni zaidi ya moja. Waongozaji watalii hawakuipenda. Nawaelewa, ila sisi si wauza safari.

Kikao cha The Works kilikuwa kizito kuliko vyote. Oktoba 1984, baada ya albamu ile, Queen walikwenda kupiga Sun City, hoteli ya starehe na kamari huko Bophuthatswana, Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa umewataka wasanii waususie utawala wa makaburu. Mzee wetu mmoja, aliyewaona kwa macho yake wakimbizi wa ANC pale Mazimbu, Morogoro, alisimama akasema jioni ile yeye hasikilizi, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Utetezi wa bendi ulikuwa kwamba wao si watu wa siasa na kwamba wanampigia yeyote anayetaka kuwasikia. Nimeupima utetezi huo na kwangu hausimami. Chama cha wanamuziki cha kwao kiliwatoza faini. Haikupita miezi 9, tarehe 13 Julai 1985, wakapanda jukwaa la Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, huko Wembley, London, wakapiga kama dakika 20, na dunia ikasahau. Zile dakika 20 ni bora kuliko chochote nilichowahi kuona jukwaani. Mambo mawili haya nayataja pamoja kwa sababu ni ya watu walewale. May na Taylor walikuja kupiga Cape Town 2003, kwenye tamasha la Mandela la kupambana na UKIMWI. Mzee wetu amearifiwa, na kikao kilichofuata alikuja.

Kumbukumbu ya tarehe 24 Novemba, siku aliyofariki Freddie, ilifanyika, ingawa si tulipopanga. Mwenye ukumbi alighairi siku chache kabla, aliposikia tunamkumbuka nani. Hili si geni: 2006 sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe ilivunjwa hapahapa mjini kwa upinzani wa waliosema maisha yake yanakwenda kinyume na dini. Sikutaka tujibizane. Tulikaa nyumbani kwa mwanachama, sauti chini, na muuguzi wetu akazungumza kuhusu kupima na kutumia dawa, kwa kuwa UKIMWI ndio uliomuua Freddie mwaka 1991, na leo mwenye virusi vyake akitumia dawa anaishi mpaka uzeeni. Ilikuwa jioni nzuri kuliko ingekuwa ukumbini.

Suala la Queen bila ya Freddie bado liko wazi. Kamati inapendekeza Made in Heaven ya 1995 iingie, kwa sababu sauti ni yake. Maonesho ya baadaye na mwimbaji Mmarekani Adam Lambert yasiingie kwenye vikao rasmi, na anayetaka aangalie kwake. Deacon mwenyewe aliacha 1997, na mimi niko upande wa Deacon.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Wanaodaiwa ada wanajijua, na yeye anawajua zaidi. Spika moja inakoroma na fundi anasema haitengenezeki.

Zimebaki A Kind of Magic, The Miracle na Innuendo. Mwenye santuri ya Innuendo amwone katibu, maana nakala yetu imekwaruzika upande wa pili. Uchaguzi utafanyika baada ya hesabu. Nafasi ya mwenyekiti iko wazi, mimi sitogombea, na fomu ziko mezani karibu na birika la kahawa.