Dada, kuhusu ile doti ya mama

Dada, shikamoo. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa mbele za watu. Mwanao atakusomea.

Muhula huu nasoma kozi ya familia na mahusiano. Mhadhiri katuagiza tuchore ukoo: mwanamume mraba, mwanamke duara, marehemu anatiwa X. Wanaogombana unawaunganisha kwa mstari wa msumeno, waliosusiana kwa mstari uliokatika. Mama nilimtia X bila kulia, ungeniona. Penseli iligoma kati ya duara lako na langu.

Halafu tukafika kwa Mary Ainsworth, mwanasaikolojia. Mwaka 1954 alikuwa Uganda, akizunguka vijiji vya karibu na Kampala kuwatazama watoto wachanga na mama zao. Baadaye, kule Baltimore, Marekani, akawa anamweka mtoto wa mwaka mmoja chumbani, mama anatoka, kisha anarudi. Kilio cha mtoto mama akitoka hakimshughulishi sana Ainsworth; anangoja kuona mama akirudi atapokewaje. Wengine humkimbilia wakanyamaza. Wengine hugeuza uso, wakashika midoli kana kwamba hakuna aliyeingia.

Nikakuona wewe pale mkekani, siku ya kuanua tanga. Nimeshuka basi la Dodoma miguu imevimba, nimesema hodi, na uso hukuinua. Ukaendelea kukunja khanga za mama: hii ya ma'mdogo, hii ya shangazi, hii ya jirani. Ya jirani, dada! Zilipokwisha ukanisogezea kipande kimoja cha ile ya maua mekundu. Doti hupasuliwa? Cha pili ukakilaza mapajani mwako.

Nilichelewa, sikatai. Lakini ningeacha mtihani ningekula sapu, na ada ya kurudia angelipa nani? Wewe uliyeuza cherehani ili nisome? Niliona ndiyo heshima yako hiyo. Mama mwenyewe angeniambia kaa umalize.

Nakushauri jambo moja: acha kunitumia maneno kupitia ma'mdogo. Murray Bowen, daktari wa akili aliyechunguza familia, hilo aliliita pembetatu. Wawili wakishindwana, humvuta wa tatu. Sema na mimi. (Najua, na mimi hapa nimevuta umati.)

Na siku ile ungesema nini, wakati mimi nilipitiliza jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa?

Mchoro niliupeleka bila mstari kati yetu. Nimekatwa alama mbili. Kile kipande chako unakivaa, au umekiweka tu?