Peel Sessions hazikuwa matamasha

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa sekondari na sijawahi kuwaandikia, lakini makala ya Jumamosi kuhusu "matamasha bora ya redio" ya bendi za roki mbadala siwezi kuinyamazia. Mmeandika kwamba Joy Division, The Smiths na PJ Harvey walipiga "mbele ya mashabiki wa BBC". Mashabiki gani? Kipindi cha mtangazaji John Peel cha Radio 1, kituo cha BBC ya Uingereza, kiliita bendi studio, mara nyingi studio za BBC za Maida Vale, London, na rekodi hizo ndizo Peel Sessions. Walipiga nyimbo nne hivi, zikachanganywa siku hiyohiyo, wakaondoka. Hapakuwa na wa kupiga makofi.

Sababu yake mmeiruka. Kwa miaka mingi BBC ilibanwa na makubaliano na kampuni za santuri na chama cha wanamuziki: saa za kucheza santuri zilikuwa na kikomo, kwa hiyo muda mwingine ulijazwa na wanamuziki wenyewe. Ndiyo maana Joy Division waliurekodi "Love Will Tear Us Apart" kwa Peel Novemba 1979, na santuri ikaja kutoka Juni 1980, mwimbaji wao Ian Curtis akiwa ameshafariki. The Smiths nao walitoa albamu mwaka 1984 ambayo sehemu kubwa yake ni rekodi za redio za aina hiyo. Siku moja tu ya kazi, hakuna nafasi ya kupaka rangi makosa! Utamu wake uko hapo, na msomaji wenu hakuambiwa.

Ninakasirika kwa sababu uzembe huu nimeuona kwa macho. Mpwa wangu anapiga gitaa la besi. Bendi yao iliitwa kituo kimoja cha redio hapa mjini, ikatangazwa wiki nzima kwamba itapiga mubashara. Walipofika waliambiwa vyombo viachwe mapokezi, wasimame mbele ya kamera ya simu na kuchezesha midomo huku CD yao ikilia. Vijana walikuwa wamefanya mazoezi hadi usiku wa manane! Na wimbo wa mwisho haukufika mwisho, mtangazaji aliudandia kwa salamu na tangazo la soda. Watangazaji wetu wamezoea kuongea juu ya nyimbo, hawaoni kama wanamkata mtu kauli. Bendi zetu za dansi zilirekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na rekodi hizo tunazililia mpaka leo.

Kila kituo kitenge saa moja Alhamisi usiku, bendi moja, nyimbo tatu zinazopigwa kwa mikono. Fundi mitambo aifunge maiki ya mtangazaji mpaka mlio wa mwisho wa gitaa ufe wenyewe, na jina la fundi huyo litajwe hewani. Nanyi chapisheni masahihisho ukurasa uleule wa makala, kwa herufi za ukubwa uleule.

Msikilizaji wa redio,
Tanga