Mwanangu, ifunge mkononi

Nansio, Ukerewe

Mwanangu,

Shikamoo yako imenifikia kupitia mdogo wako, marahaba. Amenisomea na habari ya kazi: boti ya watalii wa kisiwa cha Saanane, unaanza mwezi ujao. Mama yako keshalitangazia kanisa zima. Nami nimefurahi, ila habari kama hiyo ungeniambia mwenyewe, si kupitia simu ya mtoto.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikuwa mwaloni, boti ya mwendo kasi ikawa inaingia kutoka Mwanza na abiria watatu. Ikapanda wimbi la nyuma ya meli bila kupunguza moto, ikaruka, dereva akachomoka kama kokwa la embe, na abiria mmoja naye. Mashine haikuzima. Usukani hauna mtu, boti ikawa inazunguka palepale walipoangukia, kila mzunguko inawarudia. Wawili waliobaki ndani wamekumbatia viti, wanapiga mayowe. Hakuna mtumbwi uliothubutu kusogea, mpaka vijana wa dagaa walipoitupia nyavu kuukuu mbele yake. Rafadha ikajiviringishia nyavu, mashine ikakohoa, ikazima.

Dereva tulimtoa hai. Mguu wake sitausema. Yule abiria tulimpata kesho yake kwenye magugumaji. Boya lake lilikuwa chini ya kiti, bado lina nailoni yake.

Boti ilipofungwa gatini nilipanda nikaangalia. Kamba nyekundu ya kuzimia mashine inaning'inia kwenye swichi, mpya kabisa. Angekuwa ameifunga mkononi, ingechomoka alipoanguka, na mashine ingekufa hapohapo. Ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Usinijibu habari za mashine yetu ya zamani. Ile ilikuwa ya nguvu za farasi 15, na mwendo wetu ulikuwa wa nyavu. Hizo zenu ni za 200. Wala usiniambie kwamba boti yenu haijazi watu. Kivuko cha Ukara mwaka 2018 kilikuwa cha abiria 101 na tukazika zaidi ya 200, kila mtu akaona kosa liko wapi. Hii ya juzi ilikuwa na abiria watatu tu. Ifunge mkononi. Bosi akinuna kwamba inakuchelewesha kurukia gatini, mwache anune, wewe ifunge. Usukani unaujua kunizidi mimi, nimekuona kwenye mawimbi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Bati za jiko zimefika, fundi hajafika. Mbuzi mwekundu kazaa pacha. Mama yako anatuma dagaa kwa meli ya Jumamosi asubuhi. Nenda ukazichukue mwenyewe, za mwezi uliopita ulimwagiza rafiki yako, nusu gunia likaliwa njiani.

Kama boti watakayokupa haina ile kamba, nijulishe mapema nimuuze beberu uinunue. Mama yako asijue, anamnenepesha kwa ajili ya Krismasi.

Baba yako